Kutunza chaji ya betri ya pikipiki isiyoendeshwa kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Betri ya pikipiki ni ndogo, na udogo huo ndio unaoifanya isivumilie kusahauliwa. Majibu yafuatayo yanahusu betri za volti 12 za aina tatu: betri ya maji, yenye vifuniko vya kuongezea maji, betri kavu, ambayo imezibwa kabisa na asidi yake imenywewa na vitambaa vya nyuzi za kioo au imefanywa nzito kama uji, na betri ya lithiamu, ambayo nimeipa jibu lake peke yake kwa sababu tabia yake ni tofauti. Pale nisipotaja aina, nazungumzia zile mbili za mwanzo, ambazo zote ni betri za risasi na asidi.

Kwa nini betri inaishiwa moto wakati pikipiki imeegeshwa na swichi imezimwa?

Sababu ni mbili, na mara nyingi hufanya kazi pamoja. Ya kwanza imo ndani ya betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi haitulii hata ikifunguliwa waya zote na kuwekwa rafuni, kwani mabamba ya risasi na asidi ya salfa huendelea kumenyuka polepole na chaji hupungua siku baada ya siku. Betri ya maji hupoteza haraka kuliko betri kavu. Joto nalo huongeza kasi hiyo: kwa kadirio linalotumiwa sana, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka huifanya kasi ya upotevu iwe karibu maradufu.

Sababu ya pili ni vifaa visivyolala. Saa ya dashibodi, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, king'ora, na hasa kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa setilaiti, vyote hunywa umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Chukua pikipiki yenye betri ya ampea-saa 9, yaani yenye akiba ya kutoa ampea moja kwa saa 9, ambayo vifaa vyake vinanywa miliampea 10 tu. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 0.24, na maana yake ni kwamba betri iliyojaa itabaki nusu kabla ya siku ya 19, na itakauka kabisa baada ya siku 37 na nusu hivi. Kabla ya kukauka, stata itakuwa imeshashindwa kugeuza injini zamani.

Betri ikikaa bila kujaa inaharibika, au inalala tu ikisubiri kuchajiwa?

Inaharibika, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki alielewe kabla ya mengine yote. Betri nyingi za pikipiki haziuawi na kazi, bali huuawa na kukaa zikiwa nusu.

Kila betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba yake. Hilo ni jambo la kawaida, na ndiyo namna betri inavyofanya kazi. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo, ambayo bado ni chembe laini, hurudi kuwa risasi na asidi. Ukiiacha kwa wiki kadhaa, chembe zile huungana na kukua kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuzirudisha, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo haishiki chaji tena.

Niliwahi kuletewa betri ya maji yenye kasha linalopitisha mwanga, iliyokuwa imekaa miezi minne ndani ya pikipiki bila kuguswa. Ukiiinua kuelekea dirishani ulikuwa unaona mabamba yamefunikwa na weupe kama ukungu. Nilipoichaji usiku kucha, asubuhi multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, ilisoma volti 12.6, na mwenyewe akafurahi. Tulipoirudisha na kuwasha taa kubwa ya mbele, tarakimu zilianza kushuka mbele ya macho yetu, 12, 11.5, 11, na kabla dakika mbili hazijatimia taa ilikuwa ya njano na mita inasoma chini ya 10. Volti zilikuwepo, lakini nyuma yake hapakuwa na akiba yoyote.

Nitajuaje kama betri imejaa?

Nunua multimita ya kawaida na uipime ikiwa imetulia, yaani saa kadhaa baada ya kuendesha au kuchaji, na heri ikiwa imelala usiku mzima. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utapata namba ya juu inayodanganya, kwa sababu chaji bado iko juu juu ya mabamba.

Betri ya maji iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, na betri kavu husoma 12.8 au zaidi kidogo. Kwa betri ya maji, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 ni robo tu. Watu wengi huona mita ikisema 12 na kuridhika, kwa kuwa betri imeandikwa volti 12, kumbe betri yao iko karibu na mwisho. Mimi huchaji mara namba inaposhuka chini ya 12.5.

Kwa betri ya maji kuna kipimo cha uhakika zaidi, nacho ni haidromita, kifaa chenye mpira wa kufyonzea kinachopima uzito wa asidi. Chumba cha betri, yaani moja ya sehemu zake sita, kikiwa kimejaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280. Faida yake ni kwamba unapima vyumba vyote sita kimoja kimoja, na kimoja kikiwa nyuma sana ya vingine unajua ugonjwa uko wapi.

Je, kuwasha injini dakika tano kila wiki kunatosha?

Hapana. Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, maana injini ikiitika mtu hupata utulivu wa moyo. Lakini hesabu haikubali. Tuseme stata inavuta ampea 100 kwa sekunde tatu. Umetoa karibu ampea-saa 0.08. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka polepole bila kuongezwa mafuta, taa ya mbele ikiwaka na mfumo wa mafuta ukifanya kazi, umeme unaobaki wa kuingia kwenye betri unaweza kuwa ampea moja au pungufu. Dakika tano za ampea moja ni ampea-saa 0.08 ile ile. Hapo umerudisha ulichokopa, na ile chaji iliyopotea wiki nzima hukuigusa kabisa. Kwenye pikipiki ambazo alteneta yake, yaani mtambo wa kuzalisha umeme, ni dhaifu kwa mzunguko mdogo, kila kuwasha kwa namna hii huiacha betri ikiwa na upungufu zaidi.

Kuna madhara mengine pia. Injini inayowaka na kuzimwa kabla haijapata moto sawasawa huacha unyevu ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, na unyevu huo haukauki. Kama huwezi kuiendesha, ni bora uiache imezimwa na uichaji betri kwa chaja.

Basi niendeshe kwa muda gani ili betri ijae?

Kwa betri nzima ambayo imepungua kidogo tu, nusu saa au zaidi ya mwendo wa barabarani, injini ikizunguka kwa kasi ya kati, hurudisha kilichotumika kuwasha na ziada. Kwa betri iliyofika nusu, safari haitoshi. Betri ya risasi hupokea umeme kwa haraka ikiwa tupu, lakini sehemu ya mwisho, ile ya kutoka kama asilimia 80 hadi kujaa, huingia polepole na huhitaji saa nyingi, haidhuru alteneta ina nguvu kiasi gani. Zaidi ya hayo, kuitegemea alteneta ifufue betri iliyokauka ni kuitwisha alteneta na rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa alteneta kabla haujafika kwenye betri) mzigo ambao havikutengenezewa.

Ninunue chaja ya namna gani?

Nunua chaja yenye akili, yaani ile inayopima betri, ikaijaza, kisha ikapunguza umeme yenyewe na kubaki kuishikilia. Hatua ya kujaza huenda hadi volti 14.4 au zaidi kidogo, na hatua ya kushikilia hukaa karibu na 13.5, kiwango kinachotosha kufidia upotevu bila kuchemsha asidi. Hatua hii ya pili ndiyo unayoilipia, kwa hiyo hakikisha imeandikwa kwenye maelezo ya chaja.

Usiichanganye na zile chaja za bei nafuu zinazotiririsha umeme kidogo bila kikomo. Zinaitwa za kutunza betri, lakini hazina macho: betri ikishajaa zenyewe huendelea kusukuma, maji huvukia, mabamba huliwa, na betri kavu, ambayo huwezi kuiongezea maji, hukauka bila kutoa ishara yoyote kwa nje.

Kuhusu nguvu, kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi ya namba ya Ah, yaani ampea-saa, iliyoandikwa kwenye kasha. Betri ya 9Ah ichajiwe kwa ampea 0.9 hivi. Ikiwa imefika nusu, itahitaji saa tano kwa hesabu ya kalamu, na saa sita au saba kwa hali halisi, kwa kuwa si umeme wote unaoingia unaobaki.

Chaja ya gari je?

Chaja ya gari ya ampea 5 au 10 ni kubwa mno kwa betri ndogo kama hii. Chaja za zamani za aina hiyo huweza pia kupandisha volti hadi 16 na zaidi betri inapokaribia kujaa. Kama ni ya kisasa na ina kitufe cha kuishusha hadi ampea moja au mbili kwa ajili ya pikipiki, itumie bila wasiwasi.

Naweza kuacha chaja imechomekwa kwa wiki kadhaa?

Chaja yenye akili, ndiyo, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo nashauri uitupie jicho kila wiki: gusa kasha la betri kwa kiganja, na likiwa la moto, chomoa. Wapo wanaopendelea kuchaji usiku mmoja kila baada ya wiki tatu au nne, nayo ni njia nzuri kwa pikipiki isiyo na kifaa kinachonywa umeme. Kwa chaja isiyojizima, usiiache hata usiku mmoja bila mtu kuikagua.

Nichomeke vipi bila kujiletea madhara?

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo huweza kushika moto ikishafika asilimia 4 tu ya hewa. Kwa hiyo chaji mahali penye hewa inayopita, mbali na sigara, jiko na cheche. Mpangilio wa hatua unatokana na hatari hiyo hiyo: bana vibanio vya chaja kwenye vichwa vya betri kwanza, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, ndipo uchomeke chaja ukutani; ukimaliza, chomoa ukutani kwanza, ndipo ubandue vibanio. Kwa njia hiyo cheche haitokei juu ya betri.

Ukifungua betri kutoka kwenye pikipiki, anza na waya wa hasi. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa fremu wakati ule, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma, na spana inaweza kuwa nyekundu mkononi mwako. Waya wa hasi ukishatoka, spana ikigusa fremu hakuna kitu. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi hufuata. Kama pikipiki ni ya zamani, soma kwanza kasha la betri, maana baadhi yake hutumia volti 6 na chaja ya volti 12 itaiharibu.

Ukichoka kufungua kiti kila mara, funga waya wa kudumu wenye fyuzi kutoka kwenye betri hadi mahali panapofikika. Kuchaji kukiwa ni kazi ya sekunde tano, utachaji. Kukihitaji bisibisi na tochi, utaahirisha.

Niitoe betri kwenye pikipiki au niiache mahali pake?

Kama umeme upo pale unapoegesha, iache. Kama haupo, itoe na uichaji ndani. Ukiitoa, iweke mahali pakavu na penye ubaridi wa wastani. Watu huonya kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji. Onyo hilo lilikuwa na maana enzi za makasha ya mbao na mpira yaliyopitisha unyevu, lakini kasha la plastiki la leo halipitishi umeme kwenda sakafuni.

Ninapoegesha hapana umeme, na kuitoa betri ni taabu. Nifanyeje?

Fungua waya wa hasi. Kitendo hicho kimoja kinakata vifaa vyote visivyolala na kubakisha upotevu wa ndani tu, na betri kavu iliyojaa inaweza kusubiri hivyo kwa miezi kadhaa. Utalazimika kurekebisha saa upya, na kama una king'ora au kifaa cha kufuatilia, kumbuka kwamba ulinzi wake umeukata pia.

Paneli ndogo ya jua ya wati 5 hadi 10 ni njia nyingine inayofaa sana, mradi iwe na kidhibiti chaji. Paneli ya volti 12 iliyo juani bila mzigo hutoa volti 17 na zaidi, na bila kidhibiti itaichemsha betri ndogo kwa siku chache.

Betri ya maji inahitaji nini zaidi ya chaji?

Inahitaji maji. Angalia mistari miwili kwenye kasha, wa chini na wa juu, kila mwezi, na kiwango kikishuka ongeza maji yaliyovukizwa yasiyo na chumvi wala madini. Usiongeze asidi, kwa sababu kinachopotea ni maji tu na asidi hubaki ndani. Usiongeze maji ya bomba. Mabamba yakiwa yamefunikwa, chaji kwanza kisha ujaze hadi mstari wa juu, kwani kiwango hupanda wakati wa kuchaji na betri iliyojazwa mapema humwagikia fremu. Vaa miwani na glavu, na asidi ikikudondokea, osha kwa maji mengi papo hapo.

Vichwa vikiota unga mweupe au wa kijani, visugue kwa brashi na maji yenye bikaboneti ya soda, vikaushe, kaza waya, kisha paka mafuta ya mgando. Unga huo ukiachwa huzuia umeme kuingia na kutoka, na mtu hudhani betri imekufa kumbe ni kichwa kichafu.

Na betri ya lithiamu?

Betri ya lithiamu ya pikipiki, ambayo kwa kawaida ni ya chuma na fosfeti, hupoteza chaji yake yenyewe kidogo sana. Vifaa visivyolala, hata hivyo, vinainyonya kama betri nyingine yoyote, na kwa kuwa uwezo wake halisi wa Ah huwa mdogo kuliko wa betri ya risasi inayochukua nafasi yake, inaweza kukauka mapema zaidi. Kukauka kabisa kunaiharibu.

Namba zake za volti pia ni tofauti. Ikiwa imejaa na kutulia husoma karibu 13.3. Ikisoma 12.8, namba ambayo kwa betri kavu ni furaha, basi imebakiwa na kidogo tu. Tumia chaja iliyoandikwa kuwa inafaa kwa lithiamu, isiyozidi volti 14.6, na usitumie kamwe ile yenye hatua ya kuvunja salfeti, kwa sababu hatua hiyo hupiga betri kwa volti za juu na lithiamu haina salfeti ya kuvunjwa. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Baridi inaidhuru betri ya risasi?

Ikiwa imejaa, haidhuriki. Asidi ya betri iliyojaa huvumilia baridi kali mno bila kuganda, lakini betri iliyokauka ina kimiminika kilicho karibu na maji, kinachoweza kuganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri na kupasua kasha. Betri iliyoganda usiichaji.

Nimefanya yote haya na bado inaisha. Tatizo liko wapi?

Pima mambo mawili. Kwanza, washa injini, izungushe kwa kasi ya kati, na upime kwenye vichwa vya betri. Unatarajia volti 13.5 hadi 14.7 hivi. Ikibaki chini ya 13, alteneta, rektifaya au nyaya zake haziifikishii betri umeme. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia na inaichemsha betri. Shughulikia hilo kabla hujanunua betri mpya, la sivyo nayo itakufa.

Pili, zima swichi, fungua waya wa hasi, na uweke multimita kati ya waya huo na kichwa cha hasi, ukianzia kwenye kipimo cha ampea 10. Usiguse swichi wala stata ukiwa hivyo, utachoma fyuzi ya mita. Subiri dakika chache vifaa vitulie, kisha soma. Miliampea moja au mbili ni kawaida. Ukikuta makumi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke, na fyuzi iliyoishusha itakuonyesha njia ya mwizi. Mara nyingi atakuwa ni kitu kilichoongezwa baadaye, kama vile chaja ya simu au taa za ziada, kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi.

Betri iliyokaa miezi mingi bila chaji inaweza kufufuliwa?

Jaribu mara moja, kwa subira. Ichaji polepole kwa sehemu ya kumi ya Ah yake, iache itulie usiku mzima, kisha upime. Kama chaja yenye akili inakataa hata kuitambua, ni kwa sababu volti ziko chini mno. Ikijaa na kutulia lakini ikasoma karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwani kila kimoja hutoa volti 2.1, na hakuna chaja itakayokirudisha. Ikisoma vizuri, piga stata huku ukitazama mita: volti zikishuka chini ya 9.5 injini inapogeuka, betri hiyo itakuacha njiani siku usiyoitarajia, kwa hiyo ibadilishe. Ile ya zamani usimwage asidi yake wala usiitupe jalalani, maana risasi ni sumu inayokaa udongoni. Irudishe kwa muuza betri au kwa wanaoyeyusha na kutumia tena risasi kwa utaratibu unaokubalika.